Sanda Mgongoni mwa Blanketi

Kabla sijaeleza jinsi nilivyoshona blanketi kwa sanda ya mama wa watu, lazima mjue kwanza mimi ni fundi wa aina gani. Mtu akisikia jambo kama hilo anafikiri ni wale mafundi wa kubahatisha, wanaokutia zipu ya suruali mpaka unatoka nyumbani umejishika mbele kwa mkono. Mimi siko hivyo. Shule niliacha darasa la nne na sikulia. Niliingia Kitengela kuchonga mawe kwenye machimbo, viganja vimepasuka kama ngozi ya kenge, na leo nyumba ninayolala ni ya mawe, na mengine kwenye ukuta huo niliyachonga mwenyewe wakati sikuwa hata na blanketi. Walionicheka nilipoacha nyundo nikashika cherehani, eti hiyo ni kazi ya wanawake, nimewashonea watoto wao sare mpaka wamemaliza shule. Nawasalimu.

Kilichonitoa machimboni ni blanketi la viraka. Mwishoni mwa miaka ya tisini, viwanda vya nguo vya EPZ kule Athi River vilikuwa vinatoa vipande kwa magunia, yale mabaki ya kukata mashati na suruali. Wengine waliyanunua wakapanguse mashine za magari, wengine wakajaze mito. Mimi niliona blanketi. Mtu ambaye hajalala Kitengela mwezi wa saba hajui ninachosema. Ule upepo wa nyika unaingia kwa mabati kama una ufunguo wake. Nikaanza kuunga vipande, nyekundu kwa buluu, mistari kwa maua, katikati natia pamba, na watu wakaanza kutoka Kisaju na Isinya kuulizia yule fundi wa viraka.

Uso wa blanketi kila mtu anausifu, lakini fundi anajulikana kwa mgongo. Mgongo ni ule upande wa chini unaolala mwilini. Kitambaa cha dukani ni chembamba kuliko kitanda, kwa hiyo lazima uunge. Fundi wa haraka anachukua vipande viwili anaviunga katikati basi, na katikati ndipo blanketi linapokunjwa kila asubuhi, mwaka haupiti mshono umechakaa. Mimi naweka upana mzima katikati, wa pili naugawa nusu kwa nusu, huku na huku. Halafu mshono wangu ni wa kukunja na kulaza, mistari miwili, kama wa suruali ya jinzi. Nilikuwa nawaambia wateja, "Leta punda wawili, mmoja avute huku mwingine kule. Kitambaa kitachanika, mshono utabaki."

Siku moja akaja mama mmoja wa Kisomali, mzee, mnene, amejifunika mtandio wa rangi ya chungwa. Nilimfahamu. Mwanawe alikuwa na duka la vitambaa na vyombo upande wa pili wa barabara ya Namanga, na mume wake marehemu alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Alikaa kwenye benchi langu, benchi likalia.

"Waryaa, fundi! Wanasema wewe unajisifu sana."

"Mama, wanaosema hawajasema hata nusu."

Akacheka mpaka mtandio ukateleza. Alikuwa na furushi la vipande vya magauni yake ya zamani, vyepesi, vya kung'aa. Mke wa mwanawe alikuwa mjamzito, na yeye alitaka mjukuu alalie nguo za bibi yake. Uso wote utoke kwenye magauni hayo.

"Na mgongo?" nikamuuliza. "Hivi ni laini sana, vitateleza. Mgongo unataka pamba tupu."

"Nitakuletea. Kitambaa kiko kwa sanduku. Nitamtuma msichana."

Nikachukua tepu nimwonyeshe upana wa kitanda cha mtoto na cha mtu mzima. Akaniangalia nilivyonyoosha mikono, akasema, "Hiyo tepu yako isinikaribie. Nilipoenda Makka nilikuwa kama fito. Sasa nyama ya mbuzi ya Kajiado imenifanya nyumba."

"Nyumba ya mawe, mama."

"Ya mawe, wallahi!"

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona akicheka. Baada ya hapo nikasikia ameshikwa na kifua, hatoki nje.

Aliyeleta kitambaa ni yule mke wa mwanawe, binti mpole aliyetoka Garissa si siku nyingi, tumbo tayari linaonekana. Alikiweka mezani, akasema kwa sauti ya chini, "Mama anasema hiki ni cha mgongo," akaenda zake.

Nikafungua. Jamani, mimi nimeshika vitambaa vingi, lakini kile kifurushi kilinipendeza. Pamba ya marekani, nyeupe, nzito, safi, imekunjwa kwa adabu. Ilikuwa imeshafuliwa. Ni wateja wachache sana wanaojua kwamba kitambaa cha mgongo lazima kifuliwe kwanza, la sivyo kitarudi ndani siku ya kwanza kikiona maji na blanketi lote litajikunyata. Vipande vilikuwa vimeshakatwa kwa vipimo mbalimbali, viwili vikubwa, vingine vidogo. Na juu yake, sikuamini, kulikuwa na kanda nyembamba zimechanwa kutoka kitambaa hichohicho. Kanda za kuzungushia pindo! Nikamwita mama watoto.

"Njoo uone mteja anayejua kazi. Amenichania hadi pindo."

Mke wangu akakishika, akakisogeza puani. "Kinanuka kama hospitali."

"Kinanuka pesa. Hiyo ni dawa ya nondo ya watu wenye masanduku."

Kipande kimoja kilikuwa na kasoro, kimechanwa katikati, mpasuko wa kupitisha kichwa cha mtu. Nikafikiri ni panya au msumari wa sanduku. Fundi mwingine angetia kiraka. Mimi nilikaa mlangoni kwenye mwanga mzuri, nikauziba kwa sindano ya mkono, nyuzi kwa nyuzi, hata ukipapasa kwa kidole hujui palikuwa na tundu. Nilimwonyesha kila aliyepita.

Kisha nikaunga. Nilishika mkasi nikate kile kipande kikubwa cha pili nusu kwa nusu, kama kawaida yangu. Mkasi ulikuwa umeshafunguka. Lakini vile viwili vilitoshana vizuri mno, nikaona kuvikata ni hasara. Nikavunja sheria yangu, nikaviunga ubavu kwa ubavu, mshono katikati, na kwa sababu ya hapo katikati nikautia nguvu zaidi. Vidogo nikaviweka miguuni. Kanda nikazungusha pindo lote. Nikatia pamba, nikafunga mafundo kwenye kona za viraka, nikapiga pasi ya makaa.

Na kwa sababu mimi ni mimi, nikalianika mlangoni, mgongo ukitazama barabara. Uso ungeweza kupendwa na yeyote. Nilitaka wapitao waone mgongo. Malori ya Namanga yakapita na vumbi lao, watu wakapita, mbuzi wa soko wakapita, blanketi liko pale linapeperuka, jeupe.

Asubuhi moja mwana wa yule mama akaja. Alikuwa amevuka barabara haraka bila kuangalia huku na huku, na mke wake nyuma yake anahema. Akasimama mbele ya blanketi. Hakunisalimu.

"Fundi, hiki kitambaa cheupe umetoa wapi?"

Mimi nikafikiri amekuja kusifu. "Si cha mama yako! Gusa mshono huo. Leta punda..."

"Mama amefariki. Leo alfajiri."

Nikaanza kusema pole, akaniinulia mkono ninyamaze, kama anasikiliza kitu. Alikuwa ameshika ncha ya blanketi anainusa. Kisha akamgeukia mke wake, akasema kwa Kisomali maneno machache, yule binti akaweka mikono yote miwili mdomoni.

"Fundi," akasema, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, "hii ni sanda ya mama."

Mimi ni Mkristo. Tunazikwa na suti kama iko, ndani ya sanduku. Neno sanda nilikuwa nalijua kama ninavyojua neno bahari, nimelisikia tu. Hapo mlangoni, mtu amesimama na macho mekundu, ndipo nililiona ni kitu gani. Alinieleza kwamba mama yake alikwenda nacho Makka. Alikifua kwa maji ya zamzam kwa mikono yake, akakikausha kule, akarudi nacho, akakitia kafuri, ile harufu niliyoiita dawa ya nondo, akakiweka kwenye sanduku. Vile vipande vilivyokatwa kwa vipimo ni vya kumfunika, kimoja chini, kimoja kiwiliwilini, kimoja kichwani, viwili vya kumzungushia. Zile kanda ni za kumfunga kichwani, kiunoni na miguuni. Kitambaa cha mgongo wa blanketi kilikuwa kwenye kifurushi kingine, chini yake, kwenye sanduku lilelile. Binti alichukua cha juu.

Nikatazama lile blanketi. Sanda ya mtu, niliianika barabara ya Namanga ili nisifiwe. Nikakaa kwenye benchi, lilelile alilolikalia mama.

"Dukani kwako kuna majora mazima ya marekani," mke wangu akamwambia taratibu, kwa nia njema.

"Najua iko, mama. Nauza mimi. Lakini aliniapisha. Mwaka ule aliporudi, na tena juzi akiwa kitandani. Aliniambia, usinizike na nguo ya kaunta, nizike na ile yangu. Nikasema wallahi." Akatazama jua. "Tunamzika leo Kajiado, kando ya baba, baada ya swala ya alasiri. Wanawake wanamwosha sasa hivi."

Basi. Nikatoa blanketi mlangoni, nikachukua wembe, mkasi mdogo na sindano, nikamwambia mke wangu afunge duka. Tukavuka barabara hadi kwao.

Mimi na mwanawe tulikaa barazani. Mke wangu na yule binti walikaa ndani ya pazia la mlango, na blanketi likapita kati yetu, nusu huku nusu kule. Mafundo ya pamba yalitoka upesi. Kanda za pindo zikatoka, nazo nilizikunja moja moja mapajani kama zilivyokuwa. Lakini tulipofika kwenye maungio yenyewe, niliona kilichonisubiri. Ule mshono wa punda. Mistari miwili, kitambaa kimekunjwa kikamezwa ndani, uzi ule mgumu ninaoagiza mjini kwa sababu mafundi wengine hawauwezi. Ukitumia wembe kwa haraka unakata sanda. Lazima ukate uzi upande mmoja hatua kwa hatua, ugeuze, uvute upande wa pili, uanze tena. Jasho likanitiririka. Nikaomba kitambaa nijifute lisidondoke pale.

"Nani alikufundisha kushona hivi?" mwanawe akaniuliza. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka.

"Hakuna. Nilijifundisha."

"Ungeenda shule wangekufundisha kushona vibaya kidogo."

Nilimtazama. Mdomo ulikuwa umemcheza upande mmoja, kama wa mama yake. Nikacheka, halafu nikashangaa nimecheka, mwili wa mama uko nyuma ya ukuta. Nikainama kwenye uzi.

Ndani kukasikika sauti ya mwanamke mzima, mke wa maalim, ndiye aliyekuwa anaongoza kuosha. Vile vipande vidogo tulikuwa tumeshavipitisha kwake. Akaongea nyuma ya pazia.

"Hii kanzu yake ya sanda, shingo iko wapi?"

Tukasikia anakigeuza kitambaa.

"Hapa katikati palikuwa na nafasi ya kichwa. Mama mwenyewe alinionyesha, aliichana akiwa hapa nyumbani. Imeenda wapi?"

Nikajua. Ule mpasuko wa panya, ule niliouziba nyuzi kwa nyuzi nikaita watu waone. Nilikuwa nimeziba pa kupita kichwa cha marehemu, na nilikuwa nimeziba vizuri.

"Nirudishie, mama," nikasema. "Naijua ilipo."

Mkono ukatoka chini ya pazia na kile kitambaa. Nikakigeuza kwenye mwanga. Mimi mwenyewe, niliyeshona, sikuona pa kuanzia. Nikapapasa mara ya kwanza, mara ya pili, mwanawe ananitazama, jua linasogea juu ya mabati. Mwisho mke wangu akasema kutoka ndani, "Weka kwa shavu." Nikaweka shavuni, nikapasikia, uzi wangu ulikuwa baridi kidogo kuliko wao. Nikaufungua. Shingo ikarudi.

Ukabaki mshono mmoja, mkubwa, ule wa katikati ulioshika vile vipande viwili vikubwa, ule niliouongezea nguvu. Nilikuwa nimekata hatua chache tu za sindano kutoka mwisho mmoja. Nje gari lilikuwa limeshaletwa, lori la mbuzi la marehemu mume wa mama, limeoshwa, wanaume wamekaa kando yake na kofia zao wakingoja. Maalim alichungulia barazani akamwuliza mwanawe, "Bado?" Akajibiwa, "Bado kidogo." Haikuwa kidogo. Mimi nilijua haikuwa kidogo.

"Leteni tupime kama kilivyo," mke wa maalim akasema. "Ninyi endeleeni baadaye."

Tukakipitisha kikiwa kimeungana. Tukasikia wanawake wanasogea, maji, mtu anasoma kwa sauti ya chini. Yule binti alikuwa analia bila sauti, naona bega lake kupitia pazia likitetemeka. Mwanawe alikuwa ameziba macho kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimeshika wembe hewani kama mjinga.

Kisha mke wa maalim akarudi mlangoni.

"Nani aliunga hivi?"

"Ni mimi, mama. Nipe, nitafumua. Nitamaliza."

"Usifumue!"

Nikadhani sikusikia vizuri. Mwanawe akatoa mkono usoni.

"Mama alikata hivi akiwa mwembamba," mke wa maalim akasema. "Kila kimoja peke yake hakimzunguki. Tumejaribu kukikunja, ubavu unabaki wazi. Hivi vikiwa vimeungana vinamzunguka, na vinafika. Vitakaa hivi. Kingine cha juu yake toeni dukani, kiapo chako hakijavunjika, hiki chake ndicho kitamshika mwili."

"Na mshono?" mwanawe akauliza. "Sanda si haishonwi?"

Maalim, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, akajibu yeye. "Kuunga upana hakuna ubaya. Mola wake hatamrudisha kwa sababu ya uzi." Akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza, "Huu mshono utashika?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja mtu aniulize swali hilo. Jibu langu na punda wangu vilikuwa vimekaa ulimini. Niliitikia kwa kichwa tu. Halafu nikakumbuka zile hatua chache nilizokuwa nimekata mwishoni, nikaomba kirudishwe, nikazishona tena pale barazani kwa sindano ya mkono. Wanaume wote wa lori walisimama wakitazama sindano ikiingia na kutoka.

Tulikwenda Kajiado na lori hilohilo, mimi nimesimama nyuma kabisa, nimeshika chuma. Kwenye makaburi nilikaa kando na kundi, karibu na ukuta, maana sikujua nisimame vipi wala niseme nini. Niliona wakimshusha, mweupe kwenye ule udongo mwekundu, zile kanda zimemfunga kichwani, kiunoni, miguuni, ziko sawasawa. Nyumba ya mawe, mama. Nilitafuta mshono kwa macho, nikakosa. Alikuwa amelazwa mshono ukiwa chini.

Yule binti aliniletea kifurushi cha pili baada ya kujifungua. Nilikifungua mbele yake, kipande kwa kipande, nikimwuliza kila kimoja ni cha nini. Vilikuwa vikoi vya marehemu baba mkwe wake, vya miraba, vimechakaa vikawa laini kama maji. Niliunga mgongo kutokana na hivyo, upana mzima katikati, nusu huku, nusu huku. Sikulianika.

Wateja wapya bado wananiuliza, hasa wale waliosikia sifa zangu huko Kisaju, "Fundi, huu mshono wako utadumu mpaka lini?" Wanangoja niwaletee punda. Mimi napanga sindano zangu kwenye kitambaa, nawaambia wakae kwenye benchi.